Darasa la Jumatatu katika Wodi ya Kansa

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya kansa nilifika na sare niliyoipiga pasi mara mbili na Kifaransa cha maneno kama thelathini hivi. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, na uuguzi nilisomea hukohuko kwa Kiswahili na Kiingereza. Niliporudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, nilifanya kazi miaka michache katika zahanati, kisha nikahamishiwa hospitali kubwa ya rufaa hapa Kigali. Mafaili yote ya wagonjwa yaliandikwa kwa Kifaransa. Wenzangu walinipokea vizuri, lakini saa moja haijaisha tayari nilikuwa nimepewa jina: Mtanzania.

Mkuu wa wodi tulimwita titulaire, ndivyo hospitali zetu zinavyomwita muuguzi anayesimamia wodi nzima. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alinitembeza kitanda kwa kitanda. Wakati ule wodi yenyewe haikuwa na jina mlangoni. Ilikuwa kona ya wodi ya magonjwa ya ndani, vitanda kumi na viwili. Tulipomaliza alinisimamisha karibu na sinki.

"Konsolata, hapa kuna neno moja halitamkwi mbele ya mgonjwa. Unalijua?"

"Kansa, madamu."

"Basi umelitamka kwa mara ya mwisho. Familia inaambiwa na daktari. Mgonjwa anaambiwa ana uvimbe, na sisi tunamtibu uvimbe."

Ninyi vijana mnaosoma uuguzi sasa mtaona huo ni ukatili. Haukuwa ukatili. Titulaire alikuwa ameona watu wakisikia neno hilo, wanageukia ukuta, wanakataa chakula, wanakufa kabla ya ugonjwa wenyewe kufika. Alikuwa akiwakinga kwa njia aliyoijua.

Kazi alinifundisha yeye, na mpaka leo sijaona mwenye mikono kama yake. Dawa za kemo, yaani zile kali za kuua kansa, siku hizi zinachanganywa ndani ya kabati la kioo linalovuta hewa. Sisi tulizichanganyia mezani, karibu na dirisha lililo wazi, tumevaa glavu mbili mbili na barakoa. Ilikuwepo dawa moja nyekundu, wagonjwa waliiita sharubati, ambayo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka kwenye mfupa. Kwa hiyo kutafuta mshipa na kuweka kanula, ule mrija mwembamba unaobaki mkononi, ndiyo ilikuwa nusu ya kazi yetu. Titulaire alinifumbisha macho, akanipa mkono wa mgonjwa. "Macho yanakudanganya. Gusa. Ukimwaga tone moja nje, huyu mtu atabaki na kovu lenye jina lako."

Mwezi wa tatu hivi aliletwa Bi Zuhura. Alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, mjane mwenye watoto watatu, anaishi kwa kaka yake Saidi na wifi yake Hadija. Kwao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, kwa hiyo titulaire aliniita: "Mtanzania, huyu ni wako." Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Walikuwa wamekwisha kumkata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na majibu yalikuwa wazi. Daktari alimwambia Saidi. Saidi akamwambia dada yake kwamba ni jipu baya.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alinitazama kuanzia shingoni mpaka magotini, akasema, "Dada, aliyekushonea hii sare alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Akaomba sindano na uzi, akanishonea upindo nikiwa nimesimama palepale. Akija kwa dawa alileta mandazi kwenye kopo, tukala pamoja dripu ikidondoka.

"Hii dawa ni ya nini?" aliniuliza siku ya kwanza ya kemo.

"Ya kukausha uvimbe."

"Na mimi itanifanya nini?"

"Utachoka kidogo."

Nilijua kwamba nywele zitaanguka. Nilijua kuhusu kutapika, vidonda vya mdomoni na homa. Lakini ukianza kueleza nywele unalazimika kueleza dawa, na ukieleza dawa unafika kwenye lile neno. Nikala andazi.

Dawa ilitolewa kila baada ya wiki tatu. Mara ya pili alikuja. Mara ya tatu kitanda kilikaa kitupu asubuhi nzima. Baada ya siku chache alikuja Saidi, amechoka, macho mekundu. Alisema nywele za dada yake ziliisha kwa siku mbili, zikabaki kwenye mto. Zuhura akasema amelishwa sumu, na aliyempikia chakula ni mmoja tu: Hadija. Alihama na watoto wake, akapanga chumba, na sasa anakunywa dawa ya mitishamba ya mzee mmoja anayemwekea majani kwenye titi. Hadija analia kutwa nzima. Majirani wameanza kukataa chakula chake.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko. Sikumwambia mtu. Nilipanda mpaka Nyamirambo, nikapita baraza za mafundi nikiuliza, mpaka nikamkuta kwenye cherehani yake, kitambaa amekifunga kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Umetumwa na Saidi," alisema bila kuniangalia.

"Sijatumwa na mtu."

"Basi niambie wewe uliyesoma. Ni sumu gani inayong'oa nywele za mtu kwa siku mbili?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalinipotea.

"Ni ile niliyokuchoma mimi," nilisema.

Aliondoa mguu kwenye pedali. Nikaendelea kwa sababu niliogopa nikinyamaza sitaanza tena. "Hadija hana kosa lolote. Nywele zimeanguka kwa sababu ya dawa yetu, na zitaota tena dawa ikiisha. Nilijua zitaanguka. Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningelazimika kukuambia unaumwa nini."

"Naumwa nini?"

"Kansa ya titi."

Wakati huohuo akaingia mteja kuchukua gauni la harusi ya mtoto wake. Zuhura alisimama, akalitikisa gauni, akalikunja, akalifunga kwenye karatasi, akamwambia mama yule Mungu aibariki ndoa. Kisha akarudi kukaa.

"Saidi anajua?"

"Anajua."

"Na Hadija?"

"Nadhani anajua."

"Kwa hiyo mgeni kwenye mwili wangu nilikuwa mimi peke yangu." Alivua kitambaa, akajifuta uso, akakifunga upya. "Nitakufa?"

"Sijui. Nikikuambia hutakufa nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Ninachojua ni kwamba uvimbe ulikuwa unapungua. Nimeupima mwenyewe kwa tepu. Ukiacha dawa sasa utakua tena."

"Ulijua yote hayo, na mandazi yangu ukala."

"Nilijua."

Aliniambia niondoke. Hakunifukuza kwa ukali, alisema tu ana kazi za watu. Niliteremka Nyamirambo kwa miguu, na sikumbuki nilipita wapi.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, titulaire alikuwa ameshajua. Saidi alikuwa amekuja kulalamika kwamba dada yake, baada ya kumwambia Mtanzania amemweleza yote, amefunga duka na hazungumzi na mtu.

"Funga mlango," aliniambia. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, madamu."

"Daktari alimwambia nani?"

"Kaka yake."

"Na wewe ni daktari?"

"Hapana, madamu."

"Akijidhuru, Konsolata, utakwenda kuwaambia nini watoto wake?"

Swali hilo ninalo hata leo. Mbele yake palikuwa na barua aliyoanza kuiandika kwa mkono, na nilikijua Kifaransa cha kutosha kuona jina langu na neno zahanati. Alinipa siku chache nisubiri, na siku hizo nilifunga vidonda tu. Sikuruhusiwa kugusa dripu.

Alhamisi mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia Zuhura. Nyuma yake alikuwa Hadija, amebeba kikapu cha chakula kwa mikono miwili. Zuhura alipita kitandani kwake bila kukaa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa titulaire.

"Mama, nimerudi. Nataka nichomwe na huyuhuyu Mtanzania. Na kabla hajanichoma aniambie kila kitu, hata kibaya. Kama nitatapika, aniambie nitatapika lini."

Titulaire alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya wodini. Alimuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Wewe, siku uliambiwa ile maneno, ulilala?"

"Sikulala siku mbili," alisema Zuhura. "Lakini kabla ya hapo sikulala wiki tatu, nikimwaza huyu wifi yangu aliyenilelea wanangu."

Hadija alikiweka kikapu chini, akatoka nje kulia.

Titulaire aliinuka, akanipa glavu. Kesho yake, tukihesabu dawa kwenye kabati, alizungumza huku amenipa mgongo. "Jumatatu wagonjwa wapya utakaa nao kabla sijawagusa. Dakika ishirini. Daktari nimeshaongea naye, yeye atawaambia jina la ugonjwa, wewe utawaeleza yanayofuata. Ukimtisha mmoja tu, unarudi kwenye vidonda." Ile barua sikuiona tena wala sikuiulizia.

Hivyo ndivyo darasa la Jumatatu lilivyoanza, kwenye benchi la korido, pembeni mwa mizani. Walikaa wagonjwa wanne au watano na warwaza wao. Mrwaza kwetu ni yule ndugu anayemtunza mgonjwa hospitalini, anayemwogesha na kumlisha, na bila yeye wodi ya Kigali haiendi. Niliwaeleza kwa Kinyarwanda, nikarudia kwa Kiswahili kwa aliyehitaji. Dawa hii inapiga vitu vinavyokua haraka mwilini, kansa inakua haraka, nywele pia, na ngozi ya ndani ya mdomo, ndiyo maana. Ukitapika, mrwaza avae glavu kufuta, kwa kuwa dawa inatoka na matapishi. Mdomo usukutuliwe kwa maji ya chumvi. Na jambo moja nililirudia mpaka wakalisema wenyewe kwa sauti: ukipata homa, unakuja hospitali siku hiyohiyo. Kemo inashusha askari wa damu, zile chembe zinazopigana na magonjwa, na homa ambayo kwa mtu mwenye afya ni ya kunywa vidonge, kwa mtu wa kemo inaweza kuua kabla jua halijazama.

Kila Jumatatu kulikuwa na mtu aliyeuliza kuhusu kulishwa sumu. Nilijaribu kueleza seli ni nini, nikaona macho yakihamia dirishani. Siku moja Zuhura, aliyekuwa amekaa na dripu yake karibu, alinikatiza.

"Wacha niwaambie mimi. Mwili ni fundi. Ukijikata kidole anashona, akimaliza anaacha. Kansa ni fundi asiyeacha. Nguo imeisha, yeye bado anashona, anashona mpaka mikono ya nguo imeziba. Hakuna aliyemtuma. Ni fundi tu ameharibika."

Watu walicheka, halafu wakaelewa. Maelezo hayo niliyatumia miaka yote iliyobaki, na sikuacha kusema ni ya nani.

Kemo ilipoisha alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa. Wiki chache baadaye alinijia amekasirika. Alikuwa amejishonea titi la kitambaa, akalijaza pamba, lakini pamba ni nyepesi, bega la kushoto linapanda na gauni linakaa upande. Alijaribu mchanga ukavuja. Mwishowe alishona kifuko kidogo cha uwele katikati ya pamba, na uzito ukakubali. Alituonyesha pale kwenye benchi, mbele ya warwaza wanaume, bila aibu. Mama mmoja kutoka Bugesera alikuwa amekataa upasuaji mara mbili. Alilishika lile titi la uwele, akalipima mkononi kama anapima viazi sokoni, akasema, "Kama ndiyo hivi, nitakatwa." Alikatwa. Baada ya hapo Zuhura aliwashonea wengi, na daktari mkuu wa upasuaji akawa anawapeleka kwake kabla ya kisu.

Yupo mpaka leo. Mkono wake wa kushoto huvimba akishona sana, maana tezi za kwapani ziliondolewa na maji hayapiti vizuri, kwa hiyo huufunga bandeji na kuuinua juu ya mto. Hadija ndiye anayemfunga. Wamezeeka pamoja wakigombana kuhusu chumvi.

Baada ya miaka kadhaa mkurugenzi wa uuguzi, bwana mpole aliyependa kusimama dirishani akizungumza nawe, aliniita. "Konsolata, wodini unawapata wakiwa wamechelewa. Nenda ukawapate mapema." Nikapelekwa Kicukiro, kituo cha afya, kupima wanawake matiti na mlango wa kizazi. Asubuhi nilifundisha sokoni kati ya mafungu ya nyanya. Wauza viazi wanaume walicheka wiki ya kwanza. Ya pili mmoja alinifuata pembeni akaniambia mke wake ana kitu. Tulikipata kikiwa kidogo kama punje ya maharage. Kwangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko sikukuu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa huduma shufaa, yaani kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, ili maumivu yasimnyang'anye siku zilizobaki. Tulikwenda majumbani. Hapo nilikutana na Yohani, aliyekuwa karani wa Nyabugogo. Karani, Kigali, siyo mtu wa ofisini bali mbeba mizigo wa stendi na sokoni. Alikuwa amebeba magunia miaka ishirini, na sasa kansa ya ini ilikuwa imemkausha. Nilimkuta amekaa wima kitandani, jasho linamtoka, meno ameyauma.

"Unaumwa, baba?"

"Kidogo tu, muganga," alijibu; muganga kwa Kinyarwanda ni daktari.

Mke wake, Dativa, alisema kutoka mlangoni: "Iko na maumivu mingi. Hasemi. Usiku anauma shuka."

Nilimpa mofini ya maji, dawa chungu ya maumivu makali inayopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kunywewa. Dativa aliogopa. Jirani alikuwa amemwambia hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Nilikaa naye mkekani mchana kutwa. Nilimweleza kwamba mofini haiharakishi kifo, kwamba anampa kila baada ya saa nne hata kama mgonjwa hajalalamika, na kwamba itafunga choo, kwa hiyo Yohani ale mapapai na anywe maji. Alipima kwa maji matupu mara nyingi mpaka kipimo kikawa sawa kila mara. Dozi ya jioni alimpa mwenyewe. Nilipopita kesho yake Yohani alikuwa amelala kwa mgongo, na Dativa aliniwekea kidole mdomoni nisimwamshe.

Siku zilizofuata alianza kuongea. Aliniuliza maswali yote ambayo hakuwa ameuliza hospitalini, na nilimjibu yote. Alipojua kwamba siku ni chache, alifikiri kidogo akasema, "Basi nipelekeni Nyabugogo."

Daktari wetu alisita, kisha akatoa gari la kitengo kwa asubuhi moja. Tulimweka kwenye kiti karibu na mabasi ya kwenda kusini, blanketi magotini, dozi yake ya saa nne mfukoni mwa Dativa. Makarani wenzake walimjia mmoja mmoja wakiwa wamevaa makoti yao ya kazi. Waliogopa kumgusa. Halafu mzee mmoja akamwambia, "Yohani, tangu umeondoka hakuna anayejua kupanga mizigo juu ya gari, zinaanguka zote njiani." Yohani akaanza kuwaelekeza. Lile gunia chini, hapana, hilo la mkaa ligeuze. Kwa muda wa saa nzima alipakia basi bila kuinuka kwenye kiti chake, kwa kidole tu na sauti nyembamba, na katika kelele zote za Nyabugogo wao walimsikia yeye. Basi lilipoondoka dereva alimpigia honi.

Alifariki wiki iliyofuata, mchana, Dativa akimsimulia habari za mahindi ya mama yake. Baadaye Dativa alikuja kunishukuru. Nilimwambia aliyemtunza ni yeye.

Sasa nimestaafu, ninaishi Kanombe na mume wangu, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zinapita juu ya bustani yangu ya mchicha. Siku hizi mionzi inapatikana hapahapa nchini. Kemo ina wodi yenye jina mlangoni, na wauguzi wanasomea kansa peke yake kwa miaka. Nikikumbuka ile meza ya dirishani, nashukuru kwamba mikono yetu ilitoka salama. Nashukuru pia kwa titulaire, aliyeandika ile barua nusu akaiacha, kwani angeweza kuimaliza na angekuwa na haki. Wapo wagonjwa wa miezi yangu ya kwanza niliowaacha waondoke duniani bila kujua wanaumwa nini. Siwasahau, na siombi mtu anifariji juu yao.

Mwaka huu nilishika kitu kwenye titi langu mwenyewe. Nilikwenda hospitali kama mtu yeyote, nikapanga foleni, wakachukua kinyama. Muuguzi aliyenipokea alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kalamu nyuma ya sikio. Alinieleza kipimo vizuri, kisha akauliza:

"Mama, majibu yakitoka ungependa uambiwe vipi? Yote kwa mara moja, au kidogo kidogo? Peke yako, au na mtu wako?"

Akadhani hajasikika, akaniuliza tena. Miaka yote ile niliwaambia watu ukweli, na nilijivunia. Sikuwahi hata mara moja kumuuliza mtu anautaka vipi.

"Yote kwa mara moja," nilimjibu. "Na mume wangu awepo."

Akaandika. Wiki iliyofuata tulikaa wawili mbele yake, akatuambia yote kwa mara moja: ni uvimbe wa kawaida, si kansa, nirudi baada ya miezi sita. Mume wangu alikuwa na maswali mengi, mengine ya kijinga, na binti yule aliyajibu moja baada ya jingine bila kutazama saa. Nilimshukuru sana. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa muuguzi. Nilitaka aendelee kunifundisha.